Je, kuna kinachoutangulia mwanga? Habari ya nanosekunde 60



Radi inapopiga mbali nasi usiku, sote huona kwanza umeme ukimulika, kisha baada ya sekunde kadhaa tukasikia ngurumo. Vyote viwili vimetoka mahali pamoja na kwa wakati mmoja, lakini mwanga huwahi, na sauti hujikokota nyuma yake kwa mwendo wa kilomita moja katika kila sekunde 3 hivi. Jambo hili la kawaida linaficha maswali mawili makubwa. La kwanza: je, mwanga nao husafiri, au hufika papo hapo pasipo kutumia muda wowote? La pili likazaliwa baada ya lile la kwanza kujibiwa: ikiwa mwanga husafiri, je, kuna kitu chochote, kiwe chembe ya maada au ujumbe, kinachoweza kuutangulia?

Swali la pili si la wanafizikia peke yao. Mwaka 2011 liliingia katika magazeti ya dunia nzima, na wengi wakaambiwa kwamba Einstein ameangushwa. Juma hili tungependa kuitafakari habari hiyo kwa utulivu, tukianzia mbali kidogo. Ndani yake mna funzo kuhusu namna binadamu anavyopaswa kuutafuta ukweli, na kuhusu tofauti iliyopo kati ya mashahidi wengi na shahidi mmoja anayerudia maneno yake.

Taa mbili usiku

Wenye hekima wengi wa kale, kuanzia kwa Aristotle wa Ugiriki, na hata Descartes wa Ufaransa katika karne ya 17, waliamini kwamba mwanga haukawii hata kidogo. Galileo Galilei alipendekeza lifanyike jaribio. Katika kitabu chake kilichochapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, wakati yeye mwenyewe akiwa katika kifungo cha nyumbani, alieleza jinsi watu wawili wanavyoweza kusimama mbalimbali usiku, kila mmoja akiwa na taa iliyofunikwa. Wa kwanza aifunue taa yake. Wa pili aifunue ya kwake mara tu auonapo mwanga wa mwenzake. Kisha yule wa kwanza aangalie ni muda gani umepita. Galileo alisema kwamba alilijaribu jambo hilo kwa umbali usiofika maili moja, asiweze kuamua lolote. Mwanga, alisema, kama haufiki papo hapo, basi una kasi ya ajabu.

Leo twajua kwa nini alishindwa. Mwanga huvuka maili moja kwa sehemu chache tu za milioni ya sekunde, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kufunua taa upesi kiasi hicho. Hata hivyo, tumsifu kwa jambo moja: pale kipimo chake kilipokomea, na maneno yake yakakomea hapo.

Aliyeweza kuona alichokosa Galileo alikuwa kijana wa Kidenmarki, Ole Rømer, aliyefanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota mjini Paris. Sayari ya Mshtarii ina mwezi uitwao Io, unaoizunguka kwa muda wa saa 42 na nusu hivi na kuingia katika kivuli chake kila mzunguko. Ni saa ya mbinguni isiyohitaji kutiwa ufunguo. Lakini Rømer aliona kwamba dunia inapojitenga na Mshtarii, saa hiyo huonekana kuchelewa, na dunia inapoikaribia, huonekana kuwahi. Septemba 1676 alitangaza kwamba kupatwa kwa Io kulikotarajiwa tarehe 9 Novemba kungechelewa kwa dakika 10. Siku ilipofika, ikawa hivyo. Io haikuwa imechelewa. Habari zake ndizo zilizokuwa na safari ndefu zaidi ya kutufikia.

Mkuu wake wa kazi, mnajimu mashuhuri Cassini, hakukubaliana na maelezo hayo. Rømer alifariki mwaka 1710 huku baadhi ya wataalamu wakiendelea kusitasita. Mwishoni mwa miaka ya 1720 Mwingereza James Bradley aliyafikia matokeo yaleyale kwa njia nyingine kabisa, yaani kwa kupima jinsi nyota zinavyoonekana kuyumba kidogo kwa sababu dunia yenyewe inakwenda. Hapo shaka ikaisha. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia: kilichowasadikisha watu ni shahidi wa pili aliyekuja kwa barabara yake mwenyewe.

Mwaka 1849 Mfaransa Hippolyte Fizeau aliushusha upimaji huo kutoka mbinguni hadi duniani. Alipitisha mwanga katikati ya meno 720 ya gurudumu lililokuwa likizunguka, akaupeleka hadi kwenye kioo kilichokuwa mbali kwa mita 8,633, nao ukarudi. Gurudumu lilipofikia kasi fulani, mwanga uliorudi ulikuta jino limeziba njia. Akapata kilomita 313,000 hivi kwa sekunde, hesabu isiyo mbali na ukweli. Leo tarakimu ni mita 299,792,458 kwa sekunde katika ombwe, yaani mahali pasipo hewa wala kitu kingine chochote. Tangu mwaka 1983 tarakimu hiyo haipimwi tena, kwa kuwa mita yenyewe imefafanuliwa kwa kutumia kasi ya mwanga.

Kwa nini pawe na mpaka?

Mwaka 1887 Wamarekani wawili, Albert Michelson na Edward Morley, walitaka kujua ni kwa kiasi gani mwendo wa dunia unaongeza au kupunguza kasi ya mwanga. Hawakuona tofauti waliyoitarajia. Mwaka 1905 Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyekuwa akikagua maombi ya hataza za uvumbuzi mjini Bern, aliichukua kasi hiyo isiyobadilika kuwa msingi wa nadharia yake ya uhusianifu. Kutokana na msingi huo yalifuata mambo mengi, na mawili kati yake yanatuhusu hapa.

Kwanza, kitu chenye uzito kikikaribia kasi ya mwanga, kila nyongeza ndogo ya kasi hudai nguvu nyingi zaidi kuliko ile iliyotangulia, na ili kuifikia kasi yenyewe ingehitajika nguvu isiyo na mwisho. Haya hayakubaki kuwa maandishi tu. Mwaka 1964 mwanafizikia William Bertozzi wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio alilowaonyeshea wanafunzi jambo hilo waziwazi: aliziongezea elektroni nguvu mara nyingi, lakini mwendo wao ulikaribia kasi ya mwanga usiivuke. Katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, protoni huzungushwa katika njia ya chini ya ardhi yenye mzingo wa kilomita 27 hadi zikapungukiwa na kasi ya mwanga kwa mita 3 hivi tu kwa sekunde. Mita hizo 3 hazijapata kuvukwa.

Pili, na hili ni zito zaidi, mpaka huo unalinda utaratibu wa chanzo na matokeo. Einstein alionyesha kwamba watu wawili wanaokwenda kwa mwendo tofauti huweza kutofautiana juu ya matukio mawili yaliyo mbalimbali, lipi lilitangulia. Tofauti hiyo haina madhara maadamu hakuna ujumbe unaoweza kutoka tukio moja na kuliwahi jingine. Lakini ujumbe ukiweza kuupita mwanga, atakuwapo mtazamaji ambaye kwake ujumbe umepokelewa kabla haujatumwa. Na kwa kuziunganisha jumbe mbili za namna hiyo, jibu la barua lingeweza kumfikia mwandishi kabla hajaiandika barua yenyewe. Ahadi, lawama na shukrani zote zinasimama juu ya imani kwamba tendo hutangulia matokeo yake. Ndiyo maana wanafizikia hawauachii mpaka huu kwa urahisi.

Yale yanayodhaniwa kuwa yameuvuka

Kabla ya kufika mwaka 2011, inatupasa kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa.

Kwanza ni mwanga ndani ya maji. Humo mwanga hupunguza mwendo hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na chembe yenye nguvu nyingi huweza kuupita. Ikifanya hivyo hutoa mng'ao wa buluu, ambao Mrusi Pavel Cherenkov aliuchunguza kuanzia mwaka 1934. Mpaka tunaouzungumzia ni ule wa kasi ya mwanga katika ombwe, nao haujaguswa.

Pili ni chembe pacha, ambazo zikipimwa mbali na mbali hutoa matokeo yanayolingana kwa namna ya kushangaza. Uchunguzi wa jambo hilo uliwapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger tuzo ya Nobel mwaka 2022. Lakini kila mpimaji upande wake huona matokeo ya kubahatisha tu. Ulinganifu hudhihirika pale wawili hao wanapopelekeana daftari zao kwa njia za kawaida. Hakuna hata neno moja linaloweza kutumwa kwa njia hiyo.

Tatu ni kutanuka kwa ulimwengu. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alieleza mwaka 1927 kwamba galaksi zinatengana kwa sababu anga lenyewe linatanuka. Galaksi zilizo mbali sana hujitenga nasi kwa kasi inayozidi ile ya mwanga, lakini hakuna hata moja inayoushinda mwanga katika mashindano mahali ilipo. Umbali wenyewe ndio unaoongezeka. Tunamtaja padre huyu pia kwa busara yake. Baadhi ya watu walipotaka kuifanya nadharia yake kuwa uthibitisho wa imani, yeye alishikilia kwamba ibaki nje ya maswali ya dini, ipimwe kwa vipimo vya fizikia. Nasi leo hatutafuti mahubiri ndani ya kasi ya mwanga. Tunawatazama watu walioipima.

Tangazo la Septemba 2011

Sasa tufike kwenye habari yenyewe. Nyutrino ni chembe ndogo mno, zinazopita ndani ya mawe na ndani ya miili yetu karibu pasipo kugusa kitu. Wanasayansi wapatao 160 wa jaribio lililoitwa OPERA walikuwa wakizichunguza nyutrino zilizotumwa kutoka CERN, kupitia chini ya ardhi, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, iliyofunikwa na mwamba wenye unene wa mita 1,400 hivi. Umbali ni kilomita 730, na mwanga ungehitaji chini ya sehemu 3 za elfu ya sekunde kuuvuka. Tarehe 23 Septemba 2011 walitangaza kwamba nyutrino zao zilifika mapema kuliko mwanga kwa nanosekunde 60, yaani sehemu 60 za bilioni ya sekunde. Ni kana kwamba mwishoni mwa safari hiyo zilikuwa zimeutangulia mwanga kwa mita 18.

Tuwatendee haki. Hawakusema kwamba Einstein ameanguka. Vichwa vya habari ndivyo vilivyosema. Wao walisema kwamba wametafuta kosa kwa miezi kadhaa wasilione, wakajizuia kutoa maelezo ya kinadharia, na wakawaomba wenzao wakikague kipimo hicho. Hata ndani ya kundi lao baadhi hawakukubali kutia saini zao.

Novemba mwaka huohuo walirudia kipimo kwa namna iliyo makini zaidi, wakituma nyutrino katika mafungu mafupi sana ili pasiwe na shaka juu ya wakati wa kuondoka. Walizikamata nyutrino 20, na matokeo yakawa yaleyale. Wengi wakadhani sasa jambo limethibitika, maana limetokea mara mbili.

Lakini kulikuwa na shahidi mwingine, wa zamani zaidi. Tarehe 23 Februari 1987 nyutrino zipatazo 25 zilinaswa katika mitambo iliyokuwa Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti. Zilitoka katika mlipuko wa nyota iliyokuwa umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi. Zilitangulia mwanga wa mlipuko huo kwa saa 3 hivi, na si kwa sababu zilikuwa na kasi zaidi. Nyutrino hutoka ndani ya nyota inayokufa bila kuzuiwa, ilhali mwanga hungoja mpaka mshindo wa mlipuko uufikie uso wa nyota. Kama nyutrino zingekuwa na kasi ile iliyotangazwa na OPERA, zingetutangulizia habari kwa miaka 4 hivi. Kati ya miaka 4 na saa 3 pana tofauti isiyoweza kufichwa. Wapo waliojibu kwamba nyutrino za CERN zilikuwa na nguvu nyingi zaidi, hivyo pengine hazifuati mwenendo uleule. Ikabidi kuchunguza zaidi.

Kosa lilipatikana. Februari 2012 OPERA walitangaza kwamba wameona kasoro mbili. Moja ilihusu saa ya ndani ya mtambo, nayo ingepunguza uwahi ule badala ya kuuongeza. Nyingine ndiyo iliyoleta kishindo chote: kiungio cha kebo ya nyuzi za kioo, iliyoleta habari ya wakati kutoka kwenye mitambo ya setilaiti hadi kwenye saa yao kuu, hakikuwa kimekazwa barabara. Habari ya wakati ikawa inafika kwa kuchelewa, na saa ikawa nyuma kidogo. Na mwenye saa iliyo nyuma, wapendwa, humwona kila mgeni amewahi.

Hapo twaelewa kwa nini kurudia kipimo mwezi wa Novemba hakukusaidia. Walibadilisha namna ya kutuma nyutrino, lakini walizipokea kwa saa ileile na kebo ileile. Machi 2012 jaribio jingine liitwalo ICARUS, lililokuwa ndani ya maabara hiyohiyo ya Gran Sasso lakini likiwa na mtambo wake lenyewe, lilipima nyutrino za CERN na kukuta zimefika sawasawa na mwanga. Juni mwaka huo, katika mkutano uliofanyika Kyoto, Japani, majaribio manne ya Gran Sasso, OPERA yenyewe ikiwamo, yalitoa jibu moja: nyutrino hazikuupita mwanga.

Mashahidi wameendelea kuongezeka. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya graviti kutoka katika kugongana kwa nyota mbili zilizokufa, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti ikanasa mmweko wa miale ya gama kutoka hukohuko. Vilikuwa vimesafiri kwa miaka milioni 130 hivi. Hata graviti, basi, huutii mpaka uleule.

Gharama ya kusema

Mwishoni mwa Machi 2012 viongozi wawili wa OPERA, Antonio Ereditato na Dario Autiero, walijiuzulu nyadhifa zao baada ya wenzao kugawanyika juu ya uongozi wao. Wapo waliosema kwamba walikuwa na haraka, na kwamba tangazo lingengoja mpaka kila kiungio kikaguliwe upya. Hoja hiyo ina uzito. Haraka haraka haina baraka. Lakini tuipime pia hoja ya upande wa pili. Watu hawa waliweka kipimo chao hadharani, wakaomba kusahihishwa, na kosa lilipoonekana, kundi lao lenyewe ndilo lililolitangaza. Jamii inayomwadhibu anayefunua daftari zake huwafundisha wengine kuzifunga. Sisi twaona kwamba lawama yao, kama ipo, ni ndogo kuliko ile ya waliopiga tarumbeta kabla ya kungoja majibu.

Methali yetu yasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni kweli mara nyingi, lakini tusiifanye kisingizio cha kusadiki kila tunachoambiwa. Nyutrino zile zilisemwa mno mwaka 2011, na jambo lenyewe halikuwapo, wala halikuja.

Wazee wetu barazani hawakati shauri kwa neno la mtu mmoja, hata akilirudia mara kumi. Huita mwingine aliyekuwa mahali pengine, aliyeona kwa macho yake. Ndivyo Bradley alivyokuwa shahidi wa Rømer, na ndivyo nyota ya mwaka 1987 na mtambo wa ICARUS walivyokuwa mashahidi dhidi ya saa iliyo nyuma. Katika siku zetu ujumbe hutufikia katika makundi ya simu kutoka kwa shangazi, kwa jirani, kwa mwanakwaya na kwa rafiki aliye ng'ambo, nasi twasema: watu wanne wamesema, basi ni kweli. Yafaa tuulize wale wanne waliupata wapi. Ikiwa wote wameusambaza ujumbe mmoja uleule, shahidi bado ni mmoja, na huenda saa yake iko nyuma. Jina la jirani likichafuliwa kwa njia hiyo, hakuna maabara ya Kyoto itakayokutana kulisafisha.

Basi, swali letu limejibiwa kwa kadiri ya vipimo vilivyopo: hakuna maada wala ujumbe uliopata kuonekana ukiutangulia mwanga katika ombwe. Kesho akitokea mtu na kipimo kipya, tusimcheke na tusimshangilie. Tumwombe atuonyeshe kebo zake, kisha tungoje mtu mwingine, kwa saa nyingine, apime tena.